Bomba Linapoanzia: Siku Saba Kutoka Mapembeni Hadi Mzima

Jumamosi. Mapembeni, kisha barazani

Asubuhi nilikuwa na koki iliyopasuka katika duka moja Barabara ya Moi. Nilipomaliza nikavuka, nikaketi kivulini kwenye bustani ya Uhuru, nikazitazama zile pembe kubwa zinavyopishana juu ya magari. Sisi wenyeji wa Mombasa twapaita Mapembeni na twapita kila siku bila kuinua macho. Zilijengwa mara ya kwanza 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza. Hizi za alumini zikaja 1956, alipozuru mdogo wake Margaret. Ukiifuata barabara hiyo hiyo unafika upande wa bandari, na bandari yetu imepitisha pembe za kweli kwa karne nyingi. Wala si mambo ya kale tu: Juni 2014 zaidi ya tani 2 zilikamatwa katika bohari moja humu mjini. Mnyama tuliyemfanya nembo ya mji ndiye mji huu umemsafirisha vipande vipande.

Baada ya Alasiri nikaenda barazani Kibokoni. Kahawa tungu ilikuwa imeshapita mara mbili. Mzee mmoja mstaafu wa bandarini, ambaye sote twamwita Ami, alikuwa na hasira. Mkewe alikuwa ametoka hospitali na karatasi ya dawa za kununua nje. "Hospitali haina dawa," akasema, "na kodi yangu yalisha ndovu. Ndovu anifaa nini mimi?" Watu wakaitikia. Mimi sikumjibu. Moyoni nilikuwa na dada yangu wa Kwale, ambaye ndovu wamemlia mahindi misimu mitatu mfululizo, na kwa kweli nilikuwa karibu kumuunga mkono Ami.

Ndipo ukapita mkokoteni wa maji. Mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu siku ya tisa, na kila mlango ukatoa mitungi. Mpwa wangu, anayesubiri majibu ya kidato cha nne na kwa sasa anajifunza ufundi kwangu, akaniuliza mbele ya watu: "Mjomba, maji ya bombani yatoka wapi hasa?"

Miaka thelathini ni fundi wa mabomba. Nikamtajia kama ninavyotaja watoto wangu: Mzima, Marere, Baricho, Tiwi. Akataka kujua Mzima ni wapi. Ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, nikamwambia. Na Marere? Ndani ya hifadhi ya Shimba Hills. Baricho? Ni visima kando ya mto Sabaki kule Kilifi, na Sabaki ni ule ule Galana unaoikata Tsavo Mashariki kabla ya kubadili jina. Tiwi ndiyo visima vya kuchimbwa tu, haiko mbugani. Ami akanitazama. Nilikuwa nikiyajua hayo yote, moja moja, lakini sikuwahi kuyapanga kwenye mstari mmoja. Katika vyanzo vinne vya mji huu, viwili vimo ndani ya ardhi ya wanyama na cha tatu kimepita humo.

Usiku nikampigia mteja wa Jumatatu simu kumwomba radhi, nikamwambia mpwa wangu afunge begi.

Jumapili. Likoni hadi Kwale

Tulishuka feri kabla jua halijawa kali. Aendaye kwa miguu halipi kitu kuvuka Likoni. Mafuta, mabaharia, matengenezo ya chombo, vyote ni fedha za umma, na sijapata kumsikia mtu barazani akiuliza feri inaleta faida gani. Twajua ikisimama siku moja mji unapooza. Nilimwonyesha mpwa wangu hilo na akanyamaza, akitazama maji.

Matatu ikapita Ng'ombeni, Kombani, ikaanza kupanda. Ukifika Kwale mjini upepo hubadilika, hata shati hukauka jasho. Kwa dada yangu ni mbele zaidi, upande wa barabara ya Kinango, si mbali na Mwaluganje. Alitupokea kwa mihogo ya nazi na maembe, akatuuliza habari za kila mtu wa Mombasa kwa jina, kisha akatupeleka shambani.

Mahindi ya vuli yalikuwa yamefika kifuani. Upande wa juu yamesimama. Upande wa chini ni kama pamepitishwa trekta: mabua yamekanyagwa, migomba mitatu imechanwa na kuliwa moyo, mnazi mchanga umeng'olewa na kuachwa vile vile. Alama za nyayo zilikuwa pana kama karai.

"Hii ni ya Alhamisi," akasema dada. "Ya mwaka jana ilikuwa huku. Ya mwaka juzi walichukua lote."

Usiku nikalala na shemeji kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Niliwahi kulala kwenye dungu nikiwa mtoto, kuwinga nyani alfajiri, lakini hili la ndovu ni jambo jingine. Tulikuwa na tochi mbili, debe, na rundo la kuni za moto chini. Shemeji hulala hapo usiku baada ya usiku tangu mahindi yanapobeba mpaka yanapovunwa, na asubuhi huenda kwenye kibarua. Saa nane na kitu akanishika mkono. Sikusikia hatua, nilisikia tawi likikatika, halafu pumzi. Walikuwa watano, labda sita, weusi kuliko usiku wenyewe, mmoja mdogo katikati. Shemeji akapiga debe, mimi nikamulika, kutoka mashamba ya jirani nako madebe yakaanza. Wakasimama. Yule mkubwa akatandaza masikio akatuelekea, na kwa muda ule nilijua kwamba miti minne ya dungu haimzuii huyu akiamua. Kisha wakageuka taratibu, wakaingia kwa jirani.

Alfajiri dada alikuwa akiwasha moto wa chai. Nikamweleza habari za baraza, habari za Marere na Mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," akasema, "nyinyi wa Mombasa ndovu wenu ni yule wa sarafu ya ishirini. Wangu mimi ana tumbo. Kama maji yenu yatoka kwake, basi mnayanywa kwa mahindi yangu."

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtambua. Inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3, na aliyeharibiwa mazao naye afidiwe. Dada alijaza fomu ya mavuno ya mwaka juzi. Ofisa akaja akapiga picha, fomu ikapigwa muhuri, akaambiwa asubiri. Ana nakala yake ndani ya Biblia ya mumewe, imekunjwa mara nne. Tangu hapo hajasikia neno.

Jumatatu. Shimba Hills

Tuliingia hifadhini na askari wa wanyamapori, mtu wa makamo, mzungumzaji. Shimba Hills ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Msitu wake ni wa unyevunyevu, wenye miti iliyovaa kuvu, kisha ghafla unatokea kwenye nyasi wazi na bahari unaiona kule chini kama kitambaa. Hapo nyasini tuliwaona palahala wanne, wale swala wakubwa. Dume ni mweusi ti, uso una michirizi myeupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia. Katika Kenya nzima palahala wa mwituni wamebaki hapa tu. Mpwa wangu alitaka kujua, wakiisha hawa? Askari akasema: "Basi ni wa kuhadithiwa."

Nilimwuliza kuhusu mashamba. Hakuruka swali. Alisema ndovu ni wengi kuliko eneo, na ua wa umeme hukatika, na ndovu hujifunza kuuvunja kwa kuangusha mti juu yake. Mwaka 2005 serikali ilianza kuwahamisha kutoka hapa kwenda Tsavo Mashariki, ikikusudia kufikisha 400. Hebu fikiria gharama: helikopta, dawa ya usingizi, winchi, malori ya kubeba familia nzima ya ndovu kwa safari ya saa kadhaa. Hakuna mwenye hoteli ambaye angelipia kazi ile. Upande wa Mwaluganje wenye mashamba wenyewe, Waduruma na Wadigo, walikubali miaka ya 1990 kuunganisha ardhi zao ziwe njia ya ndovu kati ya hifadhi na msitu wa serikali, wagawane pesa za geti. Ni wazo jema. Lakini pesa za geti hutegemea mgeni aje, na mgeni asipokuja, mahindi hayapo na mgao haupo.

Hapo ndipo askari aliposema jambo ambalo nililibeba safari nzima. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, mageti ya mbuga hayakuingiza kitu. Ndovu hawakuacha kula, wawindaji haramu hawakuacha njaa yao, na doria haikuweza kusimama. Ni hazina ya serikali iliyotoa fedha: shilingi bilioni 1 kuajiri askari jamii 5,500, na bilioni nyingine kwa hifadhi 160 za jamii. "Watu husema mbuga ijilipie," akasema. "Mwaka ule tuliona maana yake."

Ni mtu aliyekulia katika miaka mibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Julai mwaka huo Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia, mwaka uliofuata likaanza kazi Shirika la Wanyamapori la Kenya, na biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 36,280. Hawakurudi wenyewe. Waliolindwa usiku na mchana na watu wenye mshahara, sare, risasi na magari ndio waliozaana, na gharama hiyo ilibebwa na sisi.

Kisha akatupeleka njia ya Marere. Chemchemi haina makuu: bonde lenye giza, mizizi, maji baridi yanayotoka chini ya miti bila kelele. Yamekuwa yakienda Mombasa tangu enzi za mkoloni. Nilijinamia, nikalowesha mikono. Nimeunganisha mabomba ya kutosha kuufikisha mkono wangu mpaka hapa, na ndiyo kwanza naigusa.

Nilimwambia mpwa wangu afikirie msitu huu umefyekwa. Miti ndiyo inayolishika jua lisiifikie ardhi, majani yake ndiyo yanayoyapokea mavua makubwa ya masika yasiteremke yote kwa siku moja hadi baharini yakiwa matope. Ukifyeka, chemchemi haikauki siku hiyo. Hukauka wakati ambapo waliofyeka wameshasahau. Na tangu 1968 msitu huu umebaki umesimama kwa sababu umeitwa hifadhi, una mpaka, una askari. Palahala na bomba la maji vinalindwa na bunduki moja.

Jumanne. Bamburi

Nilirudi mjini kwa siku moja kumaliza kazi ya tangi Bamburi, kwa kuwa ahadi ni deni. Mpwa wangu nikamwacha aingie Haller Park iliyo karibu hapo.

Alitoka na hoja. Pale palikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu la mawe, mpaka 1971 Rene Haller, Mswisi, alipoanza kupanda mivinje na kuwatumia majongoo wayaozeshe majani yake yawe udongo. Leo ni msitu wenye viboko na twiga. Ndiko alikoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyepoteza wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akashikamana na kobe mzee kama ni mamaye. "Mjomba, hii si pesa ya serikali. Kwa nini wengine wasifanye hivi?"

Swali zuri. Nilimjibu kwamba kampuni ile ilitengeneza shimo ililolichimba yenyewe, kwenye ardhi yake, na hongera kwao. Lakini vilima vya Chyulu, yanakotoka maji ya Mzima, nani atavinunua? Na akivinunua, atatuuzia maji kwa bei gani?

Jumatano. Treni hadi Voi, na Sagalla

Tulipanda treni ya saa mbili asubuhi Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani. Baada ya Mariakani nchi inakauka, na ukishaingia Tsavo udongo unakuwa mwekundu, na ndovu nao wekundu kwa kujipaka huo huo udongo. Tuliwaona kundi moja mbali, wakielekea kwenye daraja la reli lililoachwa wazi chini ili wapite. Behewa zima lilisimama kuwatazama, watu wazima na simu zao juu. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu hakusimama. Alisema yeye ni wa Voi, amewaona vya kutosha.

Mbuga mbili za Tsavo zilitangazwa pamoja mwaka 1948, na zinapita kilomita za mraba 20,000. Kaunti ya Taita Taveta, ukitoa mbuga, inabaki na sehemu ndogo: asilimia kama 62 ya ardhi yake imo ndani ya Tsavo. Watu wake wanaishi kwenye vilima na kwenye vipande vya bondeni vilivyobaki, na wanyama hawasomi ramani. Mwaka 2022, ukame ulipokuwa mkali, serikali ilitangaza ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Walio hai nao walitafuta maji kwa watu. Yule mama wa Voi alitueleza matangi yaliyobomolewa na mabomba yaliyong'olewa ardhini na ndovu waliosikia harufu ya maji. Hilo, mimi kama fundi, nililisikia mwilini.

Mchana tukapata bodaboda hadi Sagalla, chini ya kilima. Huko wakulima wengi wamezungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki, mbinu iliyojaribiwa hapo na mtafiti Lucy King na wenzake. Mizinga huning'inizwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga yatikisika, nyuki watoka. Ndovu, na ukubwa wake wote, anamwogopa nyuki: humwuma ndani ya mkonga na kando ya macho. Mkulima mmoja alitulisha asali ya hapo, nyeusi, yenye harufu ya mimea ya nyika. Kunde zake zilikuwa zimesimama. Zamani, alisema, alikuwa anavuna nafasi tupu.

Nikamwuliza mizinga alinunua nani. "Wafadhili." Na ikioza? "Twangoja wafadhili." Alisema bila lawama, kama mtu anayesema twangoja mvua. Hilo lilinikaa vibaya. Ua wa nyuki ni rahisi kuliko kesi, ni rahisi kuliko kaburi, na ni rahisi mara nyingi kuliko kumhamisha ndovu mmoja kwa lori. Kama kuna mahali pa kuitumia shilingi ya umma katika jambo hili lote, ni hapa mpakani, kati ya mbuga na kunde. Lakini bajeti ikisomwa, masikio ya watu husubiri mabilioni ya barabara, na mpaka wa mbuga huachiwa wageni wenye huruma.

Tulilala Voi. Joto, mbu, na malori usiku kucha.

Alhamisi. Mzima

Hii ndiyo siku niliyoisafiria.

Asubuhi tulipanda matatu hadi Mtito Andei. Njiani nilikuwa nikitafuta alama za bomba kando ya barabara kuu, vile vyumba vya zege vyenye vifuniko vya chuma, nikimwonyesha mpwa wangu. Karibu na kimoja palikuwa na wanawake na punda wenye mitungi mitupu. Taita Taveta imelalamika miaka mingi kwamba maji ya Mzima yanapita mlangoni mwake yakaenda Mombasa na wao wana kiu. Nimekuwa nikilisikia lalamiko hilo kwenye redio kama siasa. Kuwaona wale punda wamesimama juu ya bomba langu, mimi nisiyewahi kukosa mtungi wa kununua, nikaona haya.

Kutoka Mtito Andei tulikodi gari, tukalipia kiingilio kwa simu getini, tukaenda kama kilomita 50 ndani ya vumbi na mawe meusi ya volkeno. Hakuna kitu njiani kinachokuambia kuna maji. Kisha mstari wa kijani, mitende na mikuyu, na askari mwenye bunduki anakungoja ushuke utembee.

Maji ya Mzima ni mang'avu kiasi kwamba vivuli vya samaki vyaonekana chini kabla ya samaki wenyewe. Kuna chumba kilichozamishwa bwawani chenye madirisha ya kioo. Ukiingia unaona samaki wakipita usawa wa uso wako. Viboko walikuwa upande wa pili, pua na masikio tu. Askari alieleza kwamba usiku hutoka kula majani nchi kavu, mchana hurudi na kunya majini, na mavi hayo ndiyo chakula cha wadudu, wadudu chakula cha samaki, samaki chakula cha mnandi na mamba. Mwondoe kiboko, bwawa lote linasinyaa.

Na maji yenyewe yanatoka Chyulu, vile vilima vya majivu ya volkeno unavyoviona kaskazini. Juu ya Chyulu hakuna mto hata mmoja. Mvua na ukungu wa kule unazama wote kwenye mwamba wenye matundu, unasafiri gizani chini ya lava kilomita nyingi, ukichujwa, halafu unatokeza hapa, baridi na safi. Sehemu yake inaingia kwenye bomba lililojengwa miaka ya 1950 na kuteremka zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa kwa mteremko tu, bila pampu. Yanayobaki huingia mto Tsavo, unaokutana na Athi, wakawa Galana, wakavuka Tsavo Mashariki, wakawa Sabaki, mpaka Baricho. Kumbe bomba letu la pili nalo limeonja Mzima.

Nilikaa juu ya jiwe muda mrefu. Mpwa wangu alidhani nimechoka.

Nilikuwa nikiwafikiria wateja wangu. Kuna jambo kila fundi wa mabomba analijua: mtu hulipa kwa furaha koki inayong'aa, kwa sababu anaiona. Mwambie tangi la juu ya paa limeanza kuoza, atakuambia ngoja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi haufiki mpaka siku dari inapoanguka. Chyulu ni tangi letu. Shimba ni tangi letu. Wanaochoma makaa na wanaowasha moto kwenye misitu hiyo hawatoboi mbuga ya watalii, wanatoboa paa la Kibokoni na Majengo na Changamwe. Na mtu pekee aliyesimama kati yao na tangi ni huyu askari mwenye viatu vilivyochanika mbele yangu, ambaye mshahara wake ndio ule Ami anaoulalamikia.

Nimefanya kazi katika wodi za hospitali. Nimeiona wodi bila maji: vyoo vinafungwa, wauguzi wanaosha mikono kwa kikombe, ndugu wa mgonjwa wanapanda ngazi na madumu. Mombasa kipindupindu tunakijua. Kwa hiyo nikimsikia mtu akiweka dawa upande mmoja wa mizani na mbuga upande wa pili, namwelewa uchungu wake, lakini mizani yenyewe naona imefungwa vibaya. Dawa ile mkewe Ami ataimeza kwa maji ya Mzima.

Serikali lazima ilipe, hilo nimeliona kwa macho. Ila nimeliona na la pili, na sitaki lipotee ndani ya la kwanza. Uhifadhi huu umeshalipiwa siku zote. Shemeji analipa kwa usingizi. Dada analipa kwa mahindi. Wale wa punda wanalipa kwa kiu huku bomba likipita. Serikali inapochelewesha fidia haijaokoa fedha yoyote ya umma, imelihamisha deni tu kutoka hazina hadi kwenye ghala la mtu maskini. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ningesema askari alipwe, ua ujengwe, mizinga ya Sagalla inunuliwe kwa kodi yetu, na kabla ya yote fomu zenye muhuri zilipwe, kwa sababu mkulima aliyelipwa humfukuza ndovu kwa debe, na ambaye hakulipwa siku moja atatumia sumu. Na Mombasa, inywayo, iweke senti kadhaa kwenye kila bili ya maji kwa ajili ya watu hao. Ningekuwa wa kwanza kulipa.

Jioni tukapata basi Mtito Andei. Mpwa wangu alilala kabla ya Tsavo.

Ijumaa. Nyumbani

Tulifika saa sita usiku. Koki ya jikoni ilitoa hewa, ikakohoa, ikatoa maji mekundu ya kutu, kisha meupe. Mke wangu akaamka kwa sauti ile akaanza kujaza kila kitu: ndoo, sufuria, hata bakuli la kaimati. Hatukulala mpaka pipa likajaa.

Baada ya swala ya Ijumaa nikaenda barazani. Nikaeleza yote, na safari hii sikuharakisha: dungu, palahala, nyuki, punda, kile chumba cha kioo. Wengine wakaniuliza kuhusu mamba. Ami hakusema lolote mpaka kahawa ya pili.

"Nimekuelewa habari za maji," akasema. "Kama ni tangi, basi mlinzi wa tangi alipwe. Sina neno. Lakini huyo dadako, amelipwa?"

"Bado, Ami."

"Ana karatasi?"

"Anayo."

"Yenye muhuri?"

"Yenye muhuri."

Akakiweka kikombe chini. Alikuwa karani bandarini miaka thelathini na mitano, na kwa karatasi hana mchezo. "Jumatatu mwambie aje nayo," akasema. "Mimi na yeye tutaenda pamoja."